Sura ya Sita: Besi Iliyokataa Kukaa Nyuma

Mwaka 1965 mpiga ngoma Ginger Baker alimfukuza Jack Bruce kazini. Bendi yenyewe haikuwa ya Baker. Ilikuwa ya Graham Bond, mpiga kinanda na saksafoni wa London, na jina lake lilikuwa Graham Bond Organisation. Lakini Bond alikuwa amezama kwenye dawa za kulevya, na mambo ya uendeshaji yakawa yameangukia mikononi mwa Baker. Bruce hakukubali kufukuzwa. Aliendelea kutokea kwenye maonyesho na gitaa lake la besi kana kwamba hakuambiwa kitu, mpaka siku Baker alipomtolea kisu. Hapo akaondoka.

Kosa lake, kwa mujibu wa Baker, lilikuwa kupiga noti nyingi mno.

Haukupita mwaka mmoja, Baker huyohuyo akafunga safari hadi nyumbani kwa Bruce kumwomba waanzishe bendi nyingine. Hakwenda kwa hiari. Alikuwa amemfuata Eric Clapton, mpiga gitaa aliyekuwa akizungumzwa kuliko wote Uingereza, na Clapton akamjibu kwamba yuko tayari, ila mpiga besi awe Jack Bruce. Clapton hakujua habari za kisu.

Lalamiko la Baker halikuwa la kipuuzi, na ndilo linalofungua mlango wa kuielewa safari nzima ya Bruce. Katika bendi ya roki au ya bluzi kazi ya besi inajulikana: ishikane na ngoma, iwaonyeshe wengine wimbo umefika wapi, kisha iwaache wapambe. Ni msingi wa nyumba, ambao hakuna anayeusifia mpaka siku unapopasuka. Hata kwetu shabiki wa dansi humtaja kwanza mwimbaji, halafu mpiga solo, na mpiga besi huulizwa mwishoni. Bruce aliijua kazi hiyo vizuri na aliweza kuifanya usingizini. Hakuipenda. Aliamini kwamba besi ni sauti kamili, yenye haki ya kuimba, kujibu, kubisha na hata kuongoza. Imani hiyo aliibeba kutoka bendi hadi bendi kwa zaidi ya miaka 50, akaingia nayo mahali ilipohitajika na mahali ilipokuwa kero. Wengi husimulia maisha yake kama mfululizo wa bendi zilizomshinda. Mimi naona kinyume chake: alipiga kitu kimoja maisha yake yote, na bendi ndizo zilizopishana mbele yake.

Alizaliwa tarehe 14 Mei 1943 huko Bishopbriggs, nje kidogo ya Glasgow, Scotland, katika familia ya wafanyakazi iliyopenda muziki. Wazazi wake walihamahama, wakafika hadi Kanada na Marekani, na mtoto akapitia shule 14 kabla ya kumalizia Bellahouston Academy mjini Glasgow. Alijifunza selo, akaimba, na kipaji chake kikampatia ufadhili wa kusomea selo na utunzi katika chuo cha muziki cha Scotland. Alimpenda Bach kwa dhati. Ukisikiliza mistari ya besi katika kazi za Bach utaona kwa nini: humo sauti ya chini haibebi wengine tu, ina wimbo wake yenyewe, unaotembea sambamba na ule wa juu bila kuomba ruhusa.

Usiku kijana alikuwa akipiga besi ya kusimama katika bendi ya jazi ya Jim McHarg ili apate pesa za kujikimu. Chuo kilipopata habari kilimtaka achague, ama masomo ama jazi. Akachagua jazi. Hakuwa ametimiza hata miaka 20 alipokwenda Italia na bendi kubwa ya dansi, akarudi Uingereza, na kufikia mwaka 1962 alikuwa London katika kundi la Alexis Korner lililoitwa Blues Incorporated.

Kundi hilo linastahili sura yake peke yake. Korner alikuwa amewakusanya vijana waliotaka kupiga bluzi ya Chicago, lakini wengi wa wanamuziki wake walitoka kwenye jazi. Dick Heckstall-Smith alikuwa na saksafoni, Graham Bond naye vilevile, na kwenye ngoma alianza Charlie Watts, aliyekwenda baadaye Rolling Stones, kisha akaja Baker. Watu waliokuwa wakiota kupiga kama mwanajazi Charles Mingus walijikuta wakipiga nyimbo za bluzi za Muddy Waters mbele ya wanafunzi wanaocheza. Ndoa hiyo ya bluzi na jazi ndiyo iliyomlea Bruce, na hakuiacha kamwe.

Bond alipojitenga mwaka 1963 aliwachukua Bruce na Baker. Mwanzoni mpiga gitaa wao alikuwa John McLaughlin, kijana ambaye miaka michache baadaye angerekodi na Miles Davis. McLaughlin alipoondoka, Heckstall-Smith akaingia na bendi ikabaki bila gitaa kabisa: kinanda, saksafoni, besi, ngoma. Ni katika kipindi hicho Bruce alipobadili ala. Aliitwa studio kumsindikiza Ernest Ranglin, mpiga gitaa mkubwa wa Jamaika, na huko walitaka gitaa la besi la umeme, si ile besi ya mbao yenye kimo cha mtu. Akaazima moja, akalipiga, akagundua kwamba ni jepesi, lina sauti kubwa, na vidole vyake vinaweza kukimbia juu yake kwa kasi ambayo besi ya kusimama isingemruhusu. Zaidi ya hayo alikuwa akimsikiliza James Jamerson, mpiga besi wa studio za Motown mjini Detroit, ambaye jina lake halikuandikwa kwenye majalada ya santuri enzi hizo. Jamerson naye alitoka kwenye jazi, akatia ndani ya nyimbo fupi za mapenzi besi inayosema mambo yake yenyewe. Bruce aliona kumbe inawezekana, tena katika muziki unaouzika.

Baker hakuona hivyo. Walipigana jukwaani mbele ya watu. Bruce mwenyewe alisimulia usiku mmoja ambapo Baker alimrushia fimbo za ngoma kichwani katikati ya solo yake ya besi, naye akamrushia Baker besi nzima, zile ngoma zikasambaratika. Ajabu ni kwamba albamu mbili za bendi hiyo za mwaka 1965, *The Sound of '65* na *There's a Bond Between Us*, zinaonyesha watu wawili wanaosikilizana kupita kiasi. Baker anapoacha nafasi, Bruce yuko hapo tayari. Labda ndiyo maana walishindwa kuvumiliana; kila mmoja alikuwa anaisikia kila noti ya mwenzake.

Baada ya kufukuzwa, Bruce alipita kwa wiki chache katika Bluesbreakers ya John Mayall, ambako alikutana na Clapton. Mayall alikuwa mlinzi wa bluzi, mtu aliyetaka ipigwe kwa adabu. Malipo hayakutosha, na mwishoni mwa mwaka 1965 Bruce akahamia Manfred Mann, bendi ya pop yenye nyimbo kwenye chati. Mayall alikasirika kiasi cha kumtungia wimbo wa kumlaumu kwa usaliti, ambao baadaye uliingia kwenye albamu yake na Clapton ukiwa na jina lililolainishwa kidogo.

Hapo Manfred Mann ndipo pengo kati ya mwanamuziki na bendi lilipokuwa kubwa kuliko kote. Mtu aliyetoka kupiga jazi ya fujo na Bond sasa alivaa suti akapiga nyimbo za dakika tatu. Yumo ndani ya *Pretty Flamingo*, uliofika namba moja Uingereza Mei 1966. Katika wimbo huo anafanya anachotakiwa kufanya, na anakifanya vizuri. Nampa heshima kwa hilo, kwa sababu wako wapiga besi wajanja wasioweza kupiga kitu rahisi bila kukiharibu. Lakini alikuwa na njaa. Miezi miwili baadaye aliaga.

Cream ilianza Julai 1966: Clapton kwenye gitaa, Baker kwenye ngoma, Bruce kwenye besi, harmonika na sehemu kubwa ya uimbaji. Walijitambulisha kwa umma katika tamasha la jazi na bluzi la Windsor, mwishoni mwa mwezi huo. Watu watatu tu. Idadi hiyo ndiyo siri ya mambo yote yaliyofuata. Katika bendi yenye gitaa la pili au kinanda, mpiga solo akianza kupaa kuna mtu nyuma anayeshikilia mwili wa wimbo. Kwa Cream, Clapton alipopaa hapakuwa na mtu mwingine ila besi. Kwa mara ya kwanza noti nyingi za Bruce hazikuwa ziada, kwani bila hizo kungekuwa na shimo katikati ya muziki. Bendi ilikuwa imepunguzwa mpaka ikamfikia kimo.

Sikiliza *Crossroads*, uliorekodiwa jukwaani Winterland, San Francisco, tarehe 10 Machi 1968. Asili yake ni wimbo ambao Robert Johnson aliurekodi peke yake na gitaa mwaka 1936. Mwanzoni Bruce anatembea bega kwa bega na Clapton, anairudia ile sentensi fupi ya gitaa kama mtu mwenye adabu zake. Solo inapoanza, adabu inakwisha. Besi inapanda juu ya shingo ya gitaa, inamjibu Clapton kabla hajamaliza kusema, inashuka kwa ngazi ndefu za noti zisizokanyaga pale ambapo sikio linatazamia. Katika solo ya pili, besi na ngoma zinamsukuma Clapton kutoka pande mbili, naye anapiga kama mtu anayekimbizwa. Clapton alieleza baadaye kwamba hakuupenda sana uchezaji ule, kwa kuwa aliona walikuwa wamepishana katika mapigo. Ukweli anao yeye aliyekuwa pale. Hata hivyo, hofu hiyo ya kupotea ndiyo inayoufanya wimbo uwake, na bila besi ile kusingekuwa na cha kuogopa.

Ala yake wakati huo ilikuwa Gibson EB-3, gitaa la besi lenye shingo fupi, na aliliwekea nyuzi laini ili aweze kuzivuta pembeni kama apigaye solo. Wapiga besi wengi wa wakati huo walitaka nyuzi nene, ngumu, zenye mgurumo safi. Yeye alitaka uzi unaolia. Akazipitisha noti zake katika amplifaya za Marshall zilizofunguliwa mpaka sauti ikaanza kukwaruza, na mkwaruzo huo ukawa sehemu ya lugha yake. Baker alilalamika hadi uzeeni kwamba amplifaya hizo zilimharibia masikio.

Wimbo uliowaingiza katika kila nyumba yenye redio, *Sunshine of Your Love*, ulizaliwa kwenye besi. Januari 1967 Bruce alikwenda kumtazama mpiga gitaa Jimi Hendrix katika ukumbi wa Saville, London. Baada ya hapo, alipokuwa akihangaika usiku kucha na mshairi Pete Brown, aliyekuwa mwandishi mwenzake, akachukua besi ya kusimama na kupiga ile sentensi ya noti chache inayoshuka, ambayo leo kila mtoto anayeanza gitaa huijaribu dukani. Mtu asiyejua historia hudhani ni kazi ya mpiga gitaa. Waliurekodi wimbo huo New York Mei 1967, katika studio za Atlantic, pamoja na nyimbo nyingine za *Disraeli Gears*, kwa siku chache tu kwa sababu muda wa viza ulikuwa ukiyoyoma. Mkuu wa Atlantic, Ahmet Ertegun, alikuwa na mpango wake: nyota ni Clapton, mpiga besi asimame pembeni. Nyimbo za Bruce hazikumpendeza. Ni zilezile zilizoiuza albamu.

Tunaweza kupita haraka kwenye kuvunjika kwa Cream, kwa kuwa kumeshasimuliwa mara nyingi. Uchovu wa ziara, ugomvi wa Bruce na Baker, pesa za utunzi zilizokwenda zaidi kwa Bruce na Brown huku Baker akiamini ngoma zake nazo zilikuwa utunzi. Waliaga katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, tarehe 26 Novemba 1968. Kilichonishika zaidi ni alichokifanya Bruce Agosti ya mwaka huohuo, bendi ikiwa bado hai na ikijaza viwanja. Aliingia studio na besi ya kusimama, pamoja na Heckstall-Smith, McLaughlin na mpiga ngoma Jon Hiseman, akarekodi albamu nzima ya jazi isiyo na uimbaji hata kidogo. *Things We Like* ilitoka mwaka 1970. Hakuna meneja aliyeihitaji, wala shabiki wa Cream aliyeiomba.

Kabla haijatoka alikuwa ameshatoa *Songs for a Tailor*, mwaka 1969. Jina linamkumbuka Jeannie Franklyn, fundi aliyewashonea nguo Cream, aliyefariki Mei mwaka huo katika ajali ya gari la bendi ya Fairport Convention. Albamu iliingia katika kumi bora za Uingereza. Ina tarumbeta na saksafoni, ina selo na piano, na nyimbo zake hugeuka kona ghafla pale unapodhani umezielewa. Kampuni yoyote ingemshauri aendelee na njia hiyo, ajenge jina lake, ajaze kumbi.

Badala yake, mwaka 1970 aliingia Lifetime.

Lifetime ilikuwa ya Tony Williams, mpiga ngoma aliyeajiriwa na Miles Davis akiwa na miaka 17, kisha akaondoka kwake ili aunganishe jazi na nguvu ya roki. McLaughlin alikuwa kwenye gitaa, Larry Young kwenye kinanda. Bruce, aliyepokewa na maelfu ya watu Madison Square Garden akiwa na Cream, sasa alipiga katika vilabu vidogo mbele ya wasikilizaji ambao wengine walikuja kumwona nyota wa roki na wengine walikereka kumwona humo. Katika *Turn It Over*, albamu yao ya mwaka huo, unasikia kitu cha nadra: Bruce ambaye si wa kwanza kwa kasi. Williams anakata mapigo vipande vipande, Young anafunika anga lote kwa kinanda chake, na besi inalazimika kutafuta ardhi. Yule aliyeshutumiwa kwa kupiga noti nyingi ndiye sasa aliyewashikia wengine chini. Aliwahi kukitaja kipindi hicho kuwa miongoni mwa vilivyomfurahisha kuliko vyote katika kazi yake, na namwamini. Bendi ilisimamiwa vibaya, haikupata pesa, na mwaka 1971 alikuwa ameshatoka.

Lililofuata lilikuwa kinyume kabisa. Leslie West na Corky Laing walitoka katika bendi ya Mountain, iliyokuwa imejengwa na Felix Pappalardi, prodyuza wa zamani wa Cream, kwa kuufuata mfano wa Cream. Mwaka 1972 wakaungana na Bruce mwenyewe. Kwenye karatasi ilipendeza: watatu, gitaa zito, jina lililotengenezwa kwa kuunganisha majina yao. Kampuni ya Columbia ilitoa pesa nyingi. Lakini West alikuwa mpiga gitaa wa sentensi pana na nzito, mwenye kusimama mahali pamoja kwa raha zake, na Laing alipiga ngoma kwa nguvu bila ule wepesi wa jazi ambao Baker alikuwa nao. Bruce aliuliza maswali, hakupata wa kumjibu. Heroini ikamaliza kilichobaki. Bruce hakuficha uraibu wake alipozungumza juu ya miaka hiyo. Hapa naona jambo ambalo wengi hukosea. Bendi zilizokuwa mbali naye kwa sura, kama ile ya Williams, zilimfaa. Iliyofanana na Cream kama pacha ndiyo iliyomfaa kidogo kuliko zote.

Miaka iliyobaki ya 70 na 80 ilijaa milango ya kila aina. Alipiga besi kwenye *Berlin*, ile albamu ya huzuni ya Lou Reed ya mwaka 1973. Alikuwa ameshaimba katika *Escalator Over the Hill*, opera kubwa ya jazi ya Carla Bley, na mwaka 1975 akamwita Bley na Mick Taylor, aliyekuwa ametoka tu Rolling Stones, waunde bendi pamoja naye, ambayo haikudumu mwaka. Alirekodi na Robin Trower. Kuanzia miaka ya 80 akafanya kazi na Kip Hanrahan wa New York, aliyemweka katikati ya wapiga ngoma wa asili ya Kuba na Puerto Rico. Hapo sauti yake ilipata nyumba nzuri isiyotarajiwa. Ngoma za mikono zilishajaza mapigo yote, kwa hiyo hakuwa na haja ya kusukuma. Aliimba polepole, akatumia besi isiyo na vituo vya chuma kwenye shingo, ambayo noti zake huteleza kama za selo. Mwaka 1994 akarudiana na Baker kwa albamu moja wakiwa na Gary Moore, na mwishoni mwa miaka ya 90 akazunguka na bendi ya Ringo Starr, akipiga nyimbo za Beatles usiku baada ya usiku.

Mwaka 2003 aliugua saratani ya ini, akapandikizwa ini jingine, na mwanzoni mwili ukalikataa nusura afe. Miaka miwili baadaye Cream ilirudi Royal Albert Hall kwa maonyesho manne ya Mei 2005. Walipiga wakiwa watu wazima, wametulia, kila mmoja akimpa mwenzake nafasi, na waliokuwapo walifurahi. Oktoba walihamia Madison Square Garden, na ugomvi kuhusu sauti ukaanza upya palepale ulipokuwa umeachwa miaka 37 nyuma.

Kundi lake la mwisho la kudumu lilikuwa Spectrum Road, lililoundwa kwa heshima ya Tony Williams, aliyefariki mwaka 1997. Vernon Reid alipiga gitaa, John Medeski kinanda, Cindy Blackman Santana ngoma. Albamu yao ilitoka mwaka 2012, Bruce akiwa na miaka 69. Nyimbo nyingi ni za Lifetime, zile ambazo vilabu vya mwaka 1970 havikujua vizifanye nini, na safari hii zilipigwa na watu waliozijua tangu ujana wao. Katikati yake Bruce aliweka wimbo wa jadi wa Kiskoti kwa lugha ya Kigaeli, *An t-Eilean Muileach*, akauimba juu ya ngoma za Blackman Santana zikiwa zimefunguliwa zote. Hakuupunguza mwendo wala kuulainisha ili ulingane na nyimbo nyingine. Alifariki Suffolk tarehe 25 Oktoba 2014, miezi saba baada ya kutoa *Silver Rails*, albamu ya mwisho ya studio yenye jina lake.